Mwalimu wa darasa safi, dirisha la mhasibu balaa

Ukienda kuandikisha mtoto shule binafsi hapa Dar, watakuzungusha uone bembea, chumba cha kompyuta na picha za mahafali. Achana navyo. Nenda kwa mhasibu, muulize swali moja, halafu umtazame usoni. Mimi niliuliza kwa adabu zote: "Kaka, naomba mchanganuo wa gharama za mwaka mzima, kwa maandishi." Hata hakuinua kichwa. "Mama, kama hela ni shida, Kayumba zipo, tena bure."

Kayumba, yaani shule za serikali! Na hapo wameshakula 30,000 yangu ya fomu, ambayo hairudishwi hata mtoto akikosa nafasi.

Getini wameandika ada 1,800,000 kwa awamu nne. Mtu unagawa kwa nne, unajipanga. Kumbe awamu ya Januari peke yake ni asilimia 40, yaani 720,000. Fomu ya maelekezo, ambayo unapewa ukishalipa, ndiyo ina mambo yenyewe: chakula, sweta na traksuti zenye nembo (zinauzwa palepale tu), rimu mbili kila muhula, mitihani ya kila mwezi, rimedio (masomo ya ziada) ya Jumamosi, mahafali ya chekechea. Basi la shule ni 70,000 kwa mwezi, miezi 12. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, wiki 39 hazifiki. Ni kama miezi tisa. Hiyo 210,000 inayobaki inambeba nani, dereva akiwa likizo? Ulizeni basi linalipiwa kwa mwezi au kwa muhula, na ukiliacha katikati ya mwaka inakuwaje. Na malipo yaende akaunti yenye jina la shule, risiti itaje jina la mtoto na kila kipengele. "Ada na mengineyo" siyo risiti.

Mkisema nakuza jambo la dirishani, subirini siku ya kuhama. Mtoto anahamishwa kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na anayeanzisha ni shule anayotoka. Shule mpya haiwezi kumvuta. Ukidaiwa hata hiyo pesa ya basi ya Desemba utaambiwa "mtandao unasumbua" mpaka shule zifunguliwe. Kwa hiyo chukua namba ya PREM mapema, na kila mwisho wa mwaka omba barua kwamba hudaiwi. Jina nalo lisome herufi kwa herufi ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mohamed na Mohammed kwa mfumo ni watu wawili, na jina hilo ndilo litakaloingia kwenye upimaji wa darasa la nne.

Kukagua usajili wa shule ni rahisi: shule ya msingi iwe na namba inayoanza na EM. Wakikupa bweni kwa mtoto wa chini ya darasa la tano, ondoka, lilikatazwa 2023. Matokeo ya darasa la saba yako kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ila usihesabu A tu, hesabu na watahiniwa. Wakiwa 18, uliza darasa la sita walikuwa wangapi. Waliochujwa njiani hawatokei kwenye bango.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwalimu wa darasa la kwanza ni mzuri. Mzuri kweli. Daftari zimesahihishwa kosa kwa kosa, siyo tiki moja kubwa ukurasa mzima, na anajua nani anachanganya b na d. Nilikuja kuipa shule hii nyota moja. Kwa ajili yake nikaweka nne. Halafu nikakumbuka "Kayumba" na ile sura. Mbili. Basi, tatu, maana mtoto hafundishwi na mhasibu.

Mchanganuo ulikuja siku kadhaa baadaye kwa WhatsApp, karatasi imepigwa picha kiubavu. Basi: miezi 12.