Ziara ya vijiji vya ufundi karibu na Da Nang: tathmini ya msafiri kutoka Moshi

Kampuni nyingi katika mji wa pwani wa Da Nang, katikati ya Vietnam, huuza ziara ya siku nzima ya vijiji vya mafundi na wakulima, na ratiba zao hufanana sana: wachonga mawe wa Non Nuoc asubuhi, wafinyanzi wa Thanh Ha, kisha bustani za mboga za Tra Que na chakula cha mchana. Niliyoichukua mimi ninaipendekeza, ingawa kituo chake cha kwanza kingeweza kufutwa bila mgeni kupungukiwa na kitu. Mtu aliyezoea kupeleka wageni Materuni au Marangu, vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, hana budi kuitazama ziara ya namna hii kwa jicho la kikazi, na swali nililokwenda nalo ni lile tunaloulizana hapa Moshi kila msimu: je, kazi hii ingefanyika hata kama basi la watalii lisingefika? Kahawa ya vihambani, yaani mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, hupelekwa katika chama cha ushirika hata siku ambayo hakuna mgeni wa kuitwanga kwa wimbo.

Kwa Non Nuoc jibu si zuri. Kijiji kiko chini ya Milima ya Marumaru, na ufundi wake wa kuchonga mawe ni wa kale na wa kweli, lakini uchimbaji katika milima hiyo ulipigwa marufuku na mawe sasa huletwa kutoka kwingine. Hilo si kosa la mafundi. Kinachoudhi ni kwamba tuliwaona kwa kupita tu, tukaingizwa katika duka kubwa la sanamu ambako muuzaji alitufuata hatua kwa hatua, na muda uliotengwa kwa ajili ya duka ulikuwa mrefu kuliko ule wa karakana. Wenzangu wa Arusha waliowahi kusimamishwa kwenye duka la vinyago njiani kuelekea mbugani wanaujua mchezo huo vizuri.

Thanh Ha ni habari nyingine. Kijiji hiki kiko kando ya mto Thu Bon, kilomita chache magharibi mwa mji wa kale wa Hoi An, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Mgeni hukata tiketi langoni, kama ada ya kijiji tunayoijua huku kwetu, na tiketi hiyo humpatia filimbi ndogo ya udongo yenye umbo la mnyama. Katika ua tulioingia walifanya kazi wanawake wawili kwenye gurudumu moja: mmoja alisimama kwa mguu mmoja huku akilisukuma gurudumu kwa mguu wa pili, na mwenzake aliyechuchumaa aliinua kuta za chungu kwa vidole vilivyolowana, akakikata kwa uzi na kukiweka kando bila hata kukitazama. Wafinyanzi wa Upareni hufinyanga bila gurudumu, kwa hiyo nilibaki hapo nikiwatazama hadi mwongozaji akaanza kukohoa. Alikuwa na haraka mno, na hiyo ndiyo lawama yangu ya pili.

Tra Que ndiyo iliyonishinda moyo. Mwaka 2024 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani, na sababu inaonekana mara tu unapofika: matuta yamenyooka, udongo ni wa kichanga na mweusi, na wakulima huurutubisha kwa majani ya majini yanayovunwa mtoni. Nanaa, mrehani na giligilani huenda katika masoko na migahawa ya Hoi An kila siku, tuwepo tusiwepo. Wageni huvalishwa nguo za kahawia na kofia pana zilizochongoka, jambo ambalo mimi nililikataa kwa adabu, kisha hupewa mzegazega wenye keni mbili za maji. Mzee mmoja alipita kati ya matuta akiwa na mzegazega wake, maji yakitoka pande zote mbili kwa usawa, ilhali sisi tulijimwagia miguuni. Chakula kilikuwa cha hapo hapo: uduvi na nyama ya nguruwe vilivyofungwa pamoja kwa jani la kitunguu, pamoja na mboga mbichi nyingi. Asiyekula nguruwe aseme mapema.

Kwa anayepanga safari, viza ya Vietnam huombwa mtandaoni, na tangu Agosti 2023 huduma hiyo iko wazi kwa raia wa nchi zote, kwa ukaaji wa hadi siku 90. Miezi ya Oktoba na Novemba ni ya mvua kubwa, na Hoi An hufurika mara kwa mara, kwa hiyo kipindi cha Februari hadi Agosti kinafaa zaidi. Kabla ya kulipa, iulize kampuni kama kituo cha Non Nuoc kinaweza kuondolewa na muda wake uongezwe Thanh Ha. Baadhi hukubali kwa ziara ya kundi dogo. Anayetaka kununua chombo huko achague kidogo na akibebe mkononi ndani ya ndege, maana vyombo hivyo havipakwi rangi ya kung'aa wala havichomwi kwa moto mkali sana, na hupasuka upesi.