Makumbusho ya Albert-Kahn, Boulogne-Billancourt: maisha ya kila siku ya dunia, kwa rangi, tangu 1909

Msafiri anayependa kupiga picha za sokoni, za fundi cherehani kibarazani na za watoto wanaochota maji kuliko picha za minara maarufu atafanya vyema kutenga nusu siku kwa ajili ya Makumbusho ya Albert-Kahn pindi afikapo Paris. Yako Boulogne-Billancourt, mji uliopakana na Paris upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Boulogne–Pont de Saint-Cloud, kituo cha mwisho cha metro namba 10. Wageni wengi huishia Louvre na mnara wa Eiffel, na naona hiyo ni hasara kwao, kwa sababu sijaona kwingine mkusanyiko wa picha za safari unaoonyesha maisha ya watu wa kawaida kwa upana, kwa subira na kwa rangi kiasi hiki.

Albert Kahn alizaliwa mwaka 1860 huko Marmoutier, Alsace, akaja Paris akiwa kijana, akafanya kazi benki na kutajirika kutokana na hisa za migodi ya dhahabu na almasi ya Afrika Kusini. Mwaka 1898 alifungua benki yake mwenyewe, na mwaka huohuo akaanzisha ufadhili wa kuwawezesha walimu vijana kusafiri duniani, kwa imani kwamba mataifa yanayofahamiana hayakimbilii vita. Kati ya 1908 na 1909 alizunguka dunia yeye mwenyewe akiwa na dereva wake, Alfred Dutertre, aliyefundishwa kupiga picha kwa ajili ya safari hiyo, wakapitia Marekani, Japani na China. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa Les Archives de la Planète (yaani «Kumbukumbu za Sayari»), uliokusudia kuitunzia dunia kumbukumbu zake kabla namna za kale za kuishi hazijatoweka. Kuanzia 1912 mradi uliongozwa na mwanajiografia Jean Brunhes, na hadi uliposimama mwaka 1931, baada ya mtikisiko wa uchumi wa 1929 kumfilisi Kahn, wapigapicha wake walikuwa wamefika katika nchi zipatazo 50 na kurudi na picha za rangi 72,000 hivi, pamoja na filamu zenye urefu wa takriban mita 183,000. Tajiri aliyelipia yote hayo hakupenda kabisa yeye mwenyewe kupigwa picha, na zilizopo za kwake ni chache mno.

Ili kuithamini kazi hiyo ni lazima kwanza kuelewa ugumu wake. Picha hizo ni otokromu, ufundi ambao ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliuingiza sokoni mwaka 1907. Bamba la kioo lilipakwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, nyingine ya machungwa, nyingine ya kijani na nyingine ya zambarau, mianya iliyobaki kati ya chembe ikazibwa kwa masizi, kisha ikawekwa juu yake dawa inayohisi mwanga. Mwanga ulipita kwanza kwenye chembe, ndipo ukaifikia dawa. Na baada ya picha kusafishwa, chembe zilezile ndizo zilizorudisha rangi kwenye jicho la mtazamaji. Hapakuwa na negativu, kwa hiyo kila bamba ni la pekee, na likivunjika picha imekwenda. Kwa kuwa chembe zilimeza sehemu kubwa ya mwanga, hata kwenye jua kali lenzi iliachwa wazi kwa karibu sekunde nzima au zaidi, kamera ikiwa imesimikwa juu ya miguu mitatu. Ndiyo sababu watu katika picha hizi wamesimama wima na kutulia, maji ya mito hayana mawimbi, na aliyekuwa akitembea mtaani anaonekana kama ukungu tu.

Picha iliyonizuia kwa muda mrefu kuliko zote ni ile ambayo Stéphane Passet aliipiga katika mtaa wa Pot-de-Fer, Paris, mwezi Juni 1914. Ni familia tu, wanawake na watoto, wakiwa mbele ya nyumba yao katika mtaa wa watu wa kipato kidogo, na nguo walizovaa ni zile walizokuwa nazo siku hiyo. Hakuna aliyewapamba. Majuma machache baadaye vita kuu vilianza, lakini picha haijui hilo, na mtazamaji anabaki akizikagua aproni, viatu na ukuta uliochakaa kwa makini ambayo kwa kawaida huyaweka akiba kwa picha za wafalme.

Nyingine ni ya msichana wa Claddagh, kijiji cha wavuvi pembeni mwa Galway, Ireland, iliyopigwa mwaka 1913 na Marguerite Mespoulet, mwalimu aliyenufaika na ufadhili wa Kahn na aliyesafiri na mwenzake Madeleine Mignon. Msichana amejitanda vazi jekundu, na ukiisogelea picha iliyokuzwa unaona wekundu ule ukitawanyika kuwa vitone vya machungwa, zambarau na kijani. Ukirudi nyuma hatua mbili, nguo inarudi kuwa sufi nzito. Kwa mtu wa pwani yetu, tukio hilo dogo lina uchungu wake. Miaka hiyohiyo wapigapicha wa Unguja, kama A. C. Gomes, walikuwa wakiuza kadi za posta zenye majahazi, milango ya nakshi na wanawake waliovaa kanga, na ni kadi nzuri sana, lakini rangi za kanga zile hazimo.

Makumbusho yalifunguliwa upya mwaka 2022 katika jengo lililosanifiwa na Kengo Kuma wa Japani, lenye vipande vya mbao na metali vilivyopangwa sambamba ili kuchuja mwanga, na lenye ukumbi mwembamba kati ya nyumba na bustani ambao mtu wa Lamu atauelewa mara moja, kwa kuwa unafanya kazi ileile ya baraza: umeshatoka ndani, lakini hujafika nje. Mabamba yenyewe hayatundikwi ukutani kwa sababu mwanga huyaharibu. Yanayoonyeshwa ni nakala zilizomulikwa kutoka nyuma. Wapo wanaonung'unika kwamba wamelipa kiingilio ili kuona nakala. Mimi naona uamuzi huo ni sahihi, kwanza kwa sababu otokromu iliumbwa kutazamwa kwa mwanga unaopenya na si kama karatasi, na pili kwa sababu chumba cha zamani cha kuhifadhia mabamba, pamoja na masanduku yake ya mbao, kinatosha kabisa kumwonyesha mgeni uzito wa vitu vyenyewe. Ukisimama mbele ya masanduku yale unaelewa maana ya kubeba vioo kwa meli na kwa wanyama hadi Mongolia na kuvirudisha bila kuvunjika.

Kuhusu Afrika, sina budi kusema wazi, kwa kuwa ni mkusanyiko unaojitambulisha kwa jina la sayari nzima. Kaskazini, hasa Moroko, Algeria, Tunisia na Misri, imepigwa picha vizuri. Kusini mwa Sahara kazi kubwa ni moja, ile ya Dahomey (Benin ya leo) ya mwaka 1930, alikokwenda mpigapicha Frédéric Gadmer pamoja na padri Francis Aupiais na kurudi na zaidi ya otokromu elfu moja. Utajiri uliolipia kamera ulitoka kwa sehemu kubwa katika migodi ya bara hili, na uwiano huo unaniuma. Hata hivyo, picha za Dahomey ni miongoni mwa zilizo bora kabisa humo. Aupiais alitaka Wazungu waione heshima iliyomo katika ibada na sanaa za watu aliokuwa ameishi nao, jambo ambalo halikuwapendeza wakubwa wa shirika lake, na heshima hiyo inaonekana katika jinsi waliopigwa picha walivyoruhusiwa kuketi na kuvaa kwa hadhi yao. Kasoro iliyobaki ni ileile ya mkusanyiko mzima: jina la mpigapicha, mahali na tarehe vimeandikwa kwa uangalifu, ilhali aliyesimama mbele ya lenzi mara nyingi ni «mwanamke» au «mfanyabiashara» tu. Nakuomba uzitazame picha hizi ukilikumbuka hilo, na ukishika kamera yako tena ugenini, uulize jina.

Bustani ina ukubwa wa hekta 4 na tiketi moja inakuingiza kote. Kahn aliipanga kwa vipande vya nchi mbalimbali: sehemu ya Kijapani yenye madaraja na nyumba za mbao, ya Kifaransa, ya Kiingereza, msitu wa milima ya Vosges alikokulia karibu, na msitu wa buluu uliojengwa kwa mierezi ya Atlas. Wageni wake walitembezwa humo. Mshairi wa Kihindi Rabindranath Tagore alifika mwaka 1921 na kupigwa picha. Ni pazuri, ila usianzie huko, maana ukitoka bustanini macho yanakuwa yameshashiba na picha za ndani zitaonekana hafifu. Anzia kwenye maonyesho, asubuhi, siku ya kazi kama inawezekana, na kumbuka kwamba Jumatatu hufungwa.

Asiye na viza wala nauli hajafungiwa mlango, kwani sehemu kubwa ya mkusanyiko imewekwa kwenye mtandao na inatazamwa bure, na ubora wa picha unaruhusu kukuza hadi vitone vya wanga vionekane. Tafuta kwa majina ya mahali kama yalivyoandikwa kwa Kifaransa wakati ule: Indochine kwa Vietnam na Kambodia, na Dahomey, si Benin, kwa kuwa jina hilo jipya lilianza kutumika mwaka 1975.