Madaraja ya michezo ya vyuo Marekani: lipi linamfaa mwanariadha wetu?

Vijana wengi wa riadha nchini Kenya wakitafuta chuo Marekani huuliza tu Daraja la I la NCAA, shirika kuu la michezo ya vyuo huko. Ndiko Edward Cheserek alikong'ara akiwa Oregon, akatwaa mataji 17, kwa hiyo hamu hiyo inaeleweka. Lakini tukipima kila daraja kwa karo linayolipa, nafasi ya kushindana na muda wa kusoma, Daraja la I linawafaa wachache.

Lenyewe linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama wa 2.3 kwa kipimo cha Marekani cha hadi 4.0. Mazoezi yana kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Ratiba halisi ni nzito zaidi: siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 hata timu ikikaa uwanjani kutwa nzima, na safari haihesabiwi kabisa. Tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House kuhusu malipo ya wanariadha wa vyuo, vyuo vilivyoyakubali vimeondolewa kikomo cha ufadhili na kuwekewa kikomo cha idadi ya wanariadha: 17 mbio za nyika, 45 riadha ya uwanjani. Anayetarajia kujiunga bila ufadhili na kupanda polepole amebanwa sana.

Kinachowakwamisha Wakenya hasa ni muda. Daraja la I hutoa miaka 5 ya kushindana misimu 4, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku unapojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote, hata cha Nairobi au Eldoret. Ukiacha chuo ukarudi mazoezini Iten, hesabu inaendelea. Ukikaa zaidi ya mwaka baada ya kidato cha nne huku ukishiriki mashindano rasmi, misimu yako inapungua. Mkataba na wakala, au zawadi ya mbio za barabarani inayozidi gharama zako, huzua maswali mengine.

Kwa aliyepoteza muda hivyo, tunapendekeza Daraja la II la NCAA au NAIA, shirika jingine la michezo ya vyuo, hasa vidogo. Daraja la II linataka wastani wa 2.2, na hapo huhesabiwa mihula 10 uliyosoma, si miaka ya kalenda. NAIA nayo huhesabu mihula. Upungufu wao ni kwamba ufadhili mara nyingi ni wa sehemu tu. Ukipewa asilimia 60, lazima uonyeshe fedha za asilimia 40 iliyobaki kabla chuo hakijatoa I-20, fomu ya kuthibitisha kuwa umekubaliwa kusoma, na bila fomu hiyo hakuna viza.

Vyuo vya miaka miwili, ambavyo michezo yao husimamiwa na shirika la NJCAA, vinawafaa wenye alama za chini. Daraja lao la I linaweza kulipia karo, malazi, chakula na vitabu; la II huishia kwenye karo na vitabu; la III halilipi kitu.

Daraja la III la NCAA hudharauliwa kwa kuwa halitoi ufadhili wa michezo. Ni makosa makubwa! MIT na Amherst ziko huko, na zote mbili hupokea wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa kifedha, kisha hugharamia upungufu wote wa familia. Mwenye A za KCSE na mbio za wastani aanzie hapa. Klabu za wanafunzi na ligi za ndani ya chuo ni za afya na urafiki. Klabu hudai ada, na hazimleti mtu Marekani.

Barua ya ufadhili ikifika, angalia mambo matatu: ni ya mwaka mmoja au zaidi, inataja malazi na chakula, na nani analipa bima ya afya. Ahadi ya kocha kwenye simu haitoshi. Kumbuka pia kodi: kwa mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, fedha za chumba na chakula hukatwa asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Malazi na chakula vikiwa dola 12,000 kwa mwaka, utadaiwa dola 1,680. Mwandikie kocha barua pepe umuulize kama chuo kitazilipa, kabla hujatia sahihi.