Mota Isiyo na Brashi: Ni Kihisi Kipi cha Kununua?

Katika mota isiyo na brashi, kontrola ndiyo inayoamua koili ipi ipate umeme na wakati gani, na haiwezi kuamua vyema bila kujua sumaku za rota, yaani sehemu inayozunguka, ziko wapi. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuuliza habari hiyo inapatikanaje kabla hata ya kuuliza wati na volti, kwa sababu mota yenye nguvu nyingi inayoshindwa kuanza kuzunguka ikiwa na mzigo haina faida.

Nafasi ya kwanza naipa vihisi vya Hall, yaani vihisi vidogo vinavyotambua sumaku inayopita karibu, hasa kwa baiskeli ya umeme, mkokoteni na mashine yoyote inayoanza kazi ikiwa imebeba uzito. Kwa kawaida huwa vitatu, na ishara zake hupishana kwa digrii 120 za umeme (digrii 360 za umeme ni kupita kwa jozi moja ya ncha za sumaku, kaskazini na kusini), hivyo kontrola hupata hali sita katika kila mzunguko wa umeme na hujua mahali pa rota hata ikiwa imesimama kabisa. Udhaifu wake ni kwamba kila hali huchukua digrii 60, na kontrola ya hatua sita hupoteza nguvu ya mzunguko kidogo kila inapobadilisha koili, ndiyo maana mota huunguruma na kutetemeka katika mwendo wa polepole. Vilevile vihisi hivi hukaa ndani ya mota, karibu na joto.

Kabla ya kulipa, hesabu nyaya: tatu nene za fezi, zinazopeleka umeme kwenye koili, na tano nyembamba, yaani mbili za umeme wa vihisi na tatu za ishara. Mota ikiwa imeunganishwa na kontrola iliyowashwa, weka multimita kati ya waya hasi wa vihisi na waya mmoja wa ishara, kisha zungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Kipimo kinapaswa kupanda na kushuka, mara nyingi kati ya karibu volti 0 na volti 5. Kikiganda mahali pamoja, kihisi kimekufa au waya umekatika. Usipime kihisi kikiwa na umeme wake peke yake, kwa kuwa vingi huweza tu kuvuta ishara chini, na kinachoipandisha ni kontrola. Kihisi kizima kitaonekana kibovu.

Ya pili ni enkoda ya sumaku, yaani chipu inayosoma sumaku iliyo kwenye mhimili na kutambua pembe yake kamili. Yenye biti 12 hugawa mzunguko mara 4096, na yenye biti 14 mara 16384, jambo linalofaa sana kwa mikono ya roboti. Lakini sumaku ya mhimili lazima ikae katikati ya chipu, kwani kosa huzidishwa kwa idadi ya jozi za ncha: mota yenye jozi 15 hugeuza kosa la digrii 1 kuwa digrii 15 za umeme. Hakikisha pia kwamba kontrola inaelewa mawasiliano ya enkoda hiyo.

Kutotumia kihisi chochote naweka nafasi ya tatu, ingawa kwa feni, pampu na rafadha ningeiweka njia hii mbele. Kontrola husoma volti inayozalishwa na koili isiyopewa umeme, na rota iliyosimama haizalishi volti hiyo, hivyo mota nyingi za aina hii huanza kwa kubahatisha.

Rizolva, kihisi cha pembe kinachotumia koili, hustahimili joto na mtikisiko, na hutumika katika magari ya umeme, lakini huhitaji saketi yake maalumu. Enkoda ya mwanga inayohesabu hatua tu haijui rota iko wapi inapowashwa, isipokuwa ikiwa na ishara za ziada za U, V na W, zinazofanya kazi kama zile za vihisi vya Hall.

Ukinunua mota na kontrola kwa wauzaji tofauti, tafuta kontrola inayojifunza mpangilio wa nyaya yenyewe. Nyaya tatu za fezi na tatu za ishara huunganishwa kwa njia 36, nazo rangi hazifanani kila mara. Katika njia zisizo sahihi mota hutetemeka, hupata moto, au huzunguka huku ikivuta umeme mwingi kupita kiasi.