Wikimedia Commons kwa kundi linalotoka kupiga picha za majengo na minara

Kundi la watu wa kujitolea likipanga siku ya kutoka pamoja kupiga picha za majengo ya zamani, minara ya kumbukumbu na madaraja ya eneo lao, mazungumzo mengi huishia kwenye kamera na njia ya kupita. Mahali pa kuziweka picha huachwa hadi mwisho, ilhali hapo ndipo kazi hufaulu au kuharibika. Kwa kazi ya aina hii tunaipa Wikimedia Commons alama za juu. Ni ghala la mtandaoni la picha na faili nyingine, lililofunguliwa Septemba 2004, linatumiwa na Wikipedia za lugha zote, limeshapita faili milioni 100, ni bure, na picha unayopakia hubaki na ubora wake wote. Tunaipunguzia alama kwa jambo moja kubwa: masharti yake mengi humkuta mtu akiwa ameshamaliza matembezi na kadi ya kamera imejaa.

Kilicho bora kuliko vyote ni ramani. Zana iitwayo WikiShootMe hufunguka kwenye kivinjari na kuonyesha kila kitu cha Wikidata (hifadhidata ya taarifa inayotumiwa na Wikipedia) kilicho katika eneo ulilochagua. Duara jekundu ni kitu ambacho hakijaunganishwa na picha, la kijani kimeshapata, la bluu ni picha iliyomo Commons yenye alama ya mahali. Mratibu akikaa nayo jioni moja anapata njia nzima. Ila nyekundu haina maana kwamba picha haipo. Yaweza kuwa ipo na hakuna aliyeiunganisha. Fungua kwanza jamii ya jengo hilo, yaani kundi la faili zake, ndani ya Commons. Huenda utakuta picha thelathini za mbele, na hata moja ya ubavuni au ya jiwe la msingi hakuna. Tena majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) mengi yaliingizwa kwa mkupuo kutoka kwenye orodha, na mengine huangukia katikati ya mji badala ya kwenye jengo lenyewe. Linganisha na ramani nyingine kabla ya kumtuma mtu.

Watu wawili au watatu kwa njia moja, vituo sita hadi vinane kwa asubuhi, ni kiasi kinachobebeka. Uso wa jengo unaotazama mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi alasiri. Ukipindua mpangilio huo unarudi na ukuta mweusi na mbingu iliyoungua. Kila kituo kipate picha ya jengo zima, ya pembeni, ya nakshi au mlango, na moja ya mbali inayoonyesha limekaa wapi. Bango la maelezo lipige pia, lakini kwa ajili ya kumbukumbu zenu: maandishi marefu ya siku hizi yana hakimiliki ya aliyeyaandika, na picha ya bango peke yake yaweza kufutwa.

Sasa matatizo. La kwanza ni akaunti. Mfumo huruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Watu ishirini wakikusanyika mahali pamoja na kutumia mtandao mmoja, wa saba anakataliwa. Wanaotumia VPN (huduma ya kuficha anwani ya intaneti), na baadhi ya wanaotumia mitandao ya simu, hukuta anwani zao zimezuiwa kwa sababu ya waharibifu waliowatangulia. Kila mtu ajiandikishe nyumbani kwake siku kadhaa kabla, aingie mara moja kuhakikisha nenosiri linafanya kazi. Mratibu anaweza pia kuomba kikomo kiondolewe kwa muda, lakini ombi hilo halishughulikiwi papo hapo.

La pili, na ndilo linaloangusha makundi mengi: picha zote kupakiwa na mtu mmoja. Inaonekana ni msaada, kumbe ni kasoro ya kisheria. Mwenye hakimiliki ni aliyepiga, na kisanduku cha "kazi yangu mwenyewe" kinasema mpakiaji ndiye aliyepiga. Wakaguzi wakiona kamera tano tofauti kwenye akaunti moja huuliza, na picha isiyo na ushahidi wa ruhusa hupewa siku 7 kisha hufutwa. Kila mpiga picha apakie zake kwa akaunti yake. Asiyeweza kabisa atume idhini ya maandishi kwa barua pepe kwa timu ya wanaojitolea kupokea ruhusa hizo, tayarisheni uvumilivu.

La tatu ni faili zenyewe. Commons haipokei HEIC, umbo ambalo iPhone huhifadhi picha zisipobadilishwa mipangilio. Badilisheni mipangilio iwe JPEG kabla ya kutoka. Wala msikusanye picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida: picha hubanwa, na taarifa za ndani za saa na mahali hung'olewa. Mtu akilazimika kutuma kwa njia hiyo, atume kama hati. Ukubwa usishuke chini ya megapikseli 2, kwani hicho ndicho kiwango cha chini cha kuitwa picha bora ndani ya Commons. Saa za kamera zote zirekebishwe asubuhi hiyo. Taarifa za mahali kwenye simu ziwashwe mkiwa kazini na zizimwe mkirudi, maana picha iliyopigwa sebuleni nayo hubeba majiranukta ya nyumba yako.

Mchawi wa upakiaji, kama ukurasa wenyewe wa kupakia unavyoitwa, hufanya kazi vizuri ukijua tabia zake. Mtumiaji wa kawaida hupakia faili 50 kwa mkupuo. Majina kama IMG_2041 hukataliwa. Andika jina la jengo, upande, mji na mwaka. Jaza faili ya kwanza kikamilifu kisha tumia kitufe cha kunakili maelezo kwa zilizobaki, nacho hupanga namba chenyewe. Hatari yake ni kwamba kitufe hicho kinaweza kunakili hata majiranukta na jamii, kwa hiyo mkupuo mmoja uwe wa jengo moja tu. Pale panapoulizwa picha inaonyesha nini, chagua kitu mahususi cha Wikidata, si neno "jengo". Jamii nayo iwe ya ndani kabisa: picha ikitupwa kwenye jamii ya nchi nzima imezikwa.

Programu ya Commons ya simu za Android ina ramani yake ya vitu vya karibu na hujaza jina na mahali kutoka Wikidata, hivyo anayepiga kwa simu anaweza kumaliza akiwa bado amesimama mbele ya mnara. Kwa wenye kamera haina faida kubwa.

Hakimiliki ya kilichopigwa inataka maandalizi kuliko yote. Jengo la karne nyingi halina shida. Sanamu na majengo mapya hutegemea sheria ya nchi. Uingereza inaruhusu picha za majengo na za sanamu zilizowekwa kwa kudumu mahali pa wazi, lakini si michoro ya ukutani. Marekani inaruhusu majengo ila si sanamu. Ufaransa ruhusa yake haihusu biashara, na Commons haipokei picha isiyoruhusu biashara. Mnara wa Eiffel mchana si tatizo kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, ilhali mpangilio wa taa zake za usiku unadaiwa hakimiliki. Commons ina ukurasa unaoeleza kila nchi. Mratibu ausome kabla ya kuchora njia, na kila mchoro wa ukutani uwekewe alama ya kuuliza.

Leseni inayopendekezwa ni CC BY-SA 4.0 (leseni huru ya Creative Commons inayotaka mwenye kazi atajwe na kazi zitokanazo zitolewe kwa leseni hiyo hiyo), na ukishaitoa huwezi kuirudisha. Yeyote anaweza kuchapisha na kuuza akikutaja na kufuata masharti. Waambieni wote kabla ya kutoka. Nyuso za wapita njia ni suala jingine, si la hakimiliki. Subirini wapite, hasa watoto.

Kama albamu, Commons ni dhaifu. Haina sehemu ya faragha, kuchuja hufanywa kabla ya kupakia, na anayetaka kuonyesha picha zake arobaini za siku hiyo ataiona ngumu bure. Google Photos inafaa kwa kushirikishana, ndani ya GB 15 za bure. Flickr ina mpangilio mzuri zaidi, ikiwa na kikomo cha picha 1,000 kwa akaunti ya bure. Picha za Flickr zinaweza kuhamishiwa Commons baadaye, mradi mwenyewe alichagua leseni huru kama CC BY au CC BY-SA. Zenye sharti la kutofanyiwa biashara au kutobadilishwa hazipokelewi.