Mwarobaini na pilipili manga kwenye angara wakavu: nilichokiona kwa miezi mitatu

Nauza angara wakavu, yaani samaki wa ziwani, mjini Arua, Uganda. Mzigo nauchukua Panyimur, Ziwa Albert, na wateja wangu wengi wanavuka mpaka kutoka Congo. Msimu wa mvua uliopita niliinua tenga nikakuta vumbi la kahawia sakafuni, kama kuna fundi amepiga randa juu yake. Nikapasua kichwa cha samaki mmoja. Viwavi weusi wenye manyoya walijaa kwenye mashavu, na ngozi walizojivua zimetapakaa humo. Kwa nje samaki mzima kabisa, ukimshika mwepesi kama karatasi. Nusu ya mzigo niliuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Wapo wanaopulizia dawa ya mende, usiku, mlango umefungwa. Mimi sithubutu. Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na waliolia ni sisi wauzaji na wavuvi. Nikaamua kujaribu unga wa majani ya mwarobaini kutoka kwa muuza miti shamba, na pilipili manga niliyosagisha mwenyewe.

Nilitenga matenga matatu, kilo 20 kila moja. La kwanza kilo moja ya mwarobaini, nikinyunyiza tabaka kwa tabaka na kusugua ndani ya mashavu. La pili kilo moja ya pilipili manga (iliyokaribia kuimeza faida yote). La tatu sikuweka kitu.

Wiki ya tano tenga la tatu lilikuwa limeshaanza kumwaga vumbi. Kwenye mwarobaini wadudu walikuwepo, ila wachache, wadogo, wazito kutembea. Mwarobaini hauui papo hapo. Unamfanya mdudu akose hamu ya kula na ashindwe kujivua ngozi akue. Asiye na subira ataona ametapeliwa. Pilipili manga ilishinda: miezi miwili sikuona kitu. Mwezi wa tatu harufu ilipofifia, wakaja wadudu wengine, wale wadogo wa rangi ya bluu wenye miguu myekundu, ikabidi ninyunyize upya.

Kutapeliwa kwenyewe nilitapeliwa baadaye. Paketi ya pili ya mwarobaini ilikuwa na rangi ya majani makavu ya mahindi, nikaiweka ulimini, haina uchungu. Ilianikwa juani, na jua linaua nguvu ya mwarobaini. Siku hizi nachuma majani mwenyewe, nakausha kivulini na kutwanga.

Kosa langu jingine: samaki wa chini ya tenga walikuwa hawajakauka sawasawa. Unga ukaganda, ukungu ukaota. Na samaki aliyekwisha kuingiliwa, unga haumsaidii, maana mdudu yuko ndani na unga uko nje. Huyo namrudisha kwanza juu ya mabati saa sita mchana, viwavi wanaanza kutoka wenyewe wakikimbia joto.

Sasa ladha. Mama mmoja wa Ariwara, upande wa Congo, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na uso umekunjwa: "Dada, hii samaki yako iko uchungu kama kwinini!" Alikuwa amempika bila kumloweka. Tangu hapo kila anayenunua angara wa mwarobaini namwambia amloweke kwenye maji ya moto, amsugue, amwage maji hayo, kisha arudie. Mjamzito simuuzii kabisa wa tenga hilo.

Kwa hiyo mwarobaini nauweka kwenye mzigo wa kukaa muda mrefu, kwa sababu haunigharimu ila jasho la kutwanga. Tenga la mama wa Ariwara liko pembeni, pilipili manga tupu, na bei nimempandishia. Analipa huku ananung'unika, na wiki ijayo anarudi.