Kikokotoo cha hatari ya kansa ya matiti: kwa mama wa Bukavu, swali la uzazi lipo lakini jibu halihesabiwi

Breast Cancer Risk Assessment Tool ya National Cancer Institute ya Marekani ni ya bure, inafunguka kwenye simu, na kuijaza ni dakika chache. Muuguzi wa Kadutu au Ibanda, hapa Bukavu, anaweza kuvutiwa nayo pale mama anapouliza kama kansa ya dada yake itamfikia na yeye. Kwa kuanzisha mazungumzo inafaa. Upande wa uzazi, kwa mama huyu haina kitu.

Jaribu mwenyewe. Weka umri wa miaka 42, chagua Mmarekani mweusi, kisha badilisha umri wa kuzaa mtoto wa kwanza: chini ya 20, halafu 30 na zaidi. Namba haisogei. Wala programu haijaharibika. Nyuma ya fomu kuna modeli, yaani kanuni za hesabu: modeli ya Gail ya 1989, iliyotokana na wanawake weupe, inaupa umri huo uzito. Ile ya 2007 ya Wamarekani weusi iliuacha. Usichague "mweupe" ili uione ikisogea, maana hapo utabadilisha na viwango vya ugonjwa ambavyo hesabu yote inavitegemea.

Idadi ya watoto haiulizwi, kunyonyesha ndiyo kabisa. Ajabu, kwa sababu uchambuzi wa 2002 uliounganisha tafiti 47 za nchi 30 ulikuta hatari inapungua kwa 4.3% kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, mbali na 7% kwa kila uzazi. Mama aliyenyonyesha watoto sita, mwaka na nusu kila mmoja, ana miaka tisa ambayo fomu haiioni. Haioni pia kinyume chake: baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, ikifika kilele kwenye miaka kama 5, ndipo kinga inakuja baadaye sana. Umri wa kitinda mimba hauulizwi.

Kwenye kujaza, jihadhari na "sijui". Kwa umri wa kuvunja ungo, jibu hilo linahesabiwa sawa na miaka 14 na zaidi, kundi la hatari ndogo. Mama asipokumbuka, muulize alikuwa darasa la ngapi. Fomu inauliza pia biopsi, yaani kutoa kipande cha titi kukipima; kupasuliwa jipu la titi si biopsi. Jamaa wanaohesabiwa ni mama, dada na binti. Shangazi hana nafasi. Aliye chini ya miaka 35 fomu haimpokei.

Jibu la fomu ni asilimia ya hatari ya kupata kansa ya matiti. Asilimia 1.67 kwa miaka 5 ni mpaka wanaoutumia Marekani kujadili dawa za kinga kama tamoxifen, haimaanishi mtu anaumwa. Mwenye uvimbe, au chuchu inayotoka damu, asijaziwe fomu hata kidogo: apelekwe ekografi (ultrasound) na biopsi, hata kama namba yake ingetoka ndogo.

Anayetaka hesabu iliyo karibu na maisha ya huku atafute modeli ya 2018 iliyotengenezwa kwa data za Nigeria. Hiyo inauliza idadi ya uzazi na muda wa kunyonyesha.